Mzuka wa Mageta Yuko Ruiru

Gereza likiachwa tu, watu hulipatia mzuka. Paa likianguka na mti ukaota ndani ya seli, stori zinaanza zenyewe: usiku minyororo inaburutwa, kuna mtu analia kwa lugha ya mbali. Na kama gereza liko kisiwani, basi tena. Nani atavuka maji usiku wa manane aende kuhakikisha?

Kenya tuna visiwa vya aina hiyo. Kuna Mageta kwenye Ziwa Victoria, kaunti ya Siaya, ambako unavuka kwa boti kutoka Usenge. Kuna Saiyusi, ziwa hilo hilo. Kuna Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Vyote vilikuwa na kambi za kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau miaka ya 1950. Mimi naamini mzuka wa kambi hizo yupo. Ila sidhani bado anakaa ziwani. Nadhani alirudi nyumbani, upande wetu huu wa Thika na Ruiru.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, gavana akiwa Evelyn Baring. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil: Nairobi ikazingirwa, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakasombwa kwa malori. Huko kambini watu waligawanywa kwa rangi. Weupe walikuwa wa kurudishwa makwao, wa kijivu wa kufanyishwa kazi kwanza, weusi ndio wale sugu. Sugu walitupwa mbali, na kisiwa kilifaa sana, kwa sababu maji ni ukuta usiohitaji saruji. Wengi hawakuona korti hata siku moja. Karatasi ya amri ya kuzuiliwa ilitosha.

Wachache waliandika. J. M. Kariuki, aliyepitia Saiyusi, alitoa Mau Mau Detainee mwaka 1963. Gakaara wa Wanjaũ, aliyezuiliwa Manda, aliweka shajara kwa siri. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma. Lakini hao ni wawili. Wengine walirudi, wakanyamaza.

Walikuwa na sababu. Wakiwa hawapo, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakaingizwa kwenye vijiji vya Hali ya Hatari. Halafu Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaharakisha kuunganisha vipande vya ardhi na kuviandikisha. Sasa jiulize, mtu aliye Mageta ataonyesha vipi mpaka wake? Waliokuwa nyumbani, homugadi wakiwemo, ndio waliosikizwa. Kuna waliotoka kizuizini wakakuta shamba limepungua, au limeandikwa jina la jirani. Ukikosa shamba unatafuta kibarua, na vibarua vilikuwa huku: kahawa ya Ruiru, mkonge wa Thika.

Uhuru nao haukuwafungua midomo. Mau Mau ilibaki chama haramu hadi 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Uingereza nayo ilikalia mafaili yake ya siri hadi kesi ya wazee wetu ilipoyafichua mwaka 2011. Juni 2013 ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na William Hague akasema Bungeni kwamba serikali yake inasikitika. Wengi walikuwa wamekufa zamani.

Ndiyo maana stori ya minyororo usiku hainiudhi, lakini hainitoshi pia. Inatupa woga bila majina. Unashtuka, unacheka, unaendelea na safari, na hujauliza aliyefungwa alikuwa nani, nani aliyemtaja, na shamba lake lilienda wapi. Huku kwetu kahawa inang'olewa, ploti zinakatwa, ghorofa zinapanda, na kila ploti ina hati yenye historia yake. Kuna familia ambazo hazisalimiani hadi leo, na vijana wao hawajui ugomvi ulianzia wapi.

Kwa hivyo ukitaka kuwinda mzuka, huhitaji boti wala tochi. Kama bado una guka au cucu aliyekuwepo, nenda Jumapili hii, kaa chini, zima simu. Usimuulize kama kambini kulikuwa na mapepo. Muulize waliporudi walikuta shamba likiwa la nani.