Nani Hulipia Ardhi ya Wanyama? Mbuga za Serikali na Mapato ya Mahali kwenye Ufuo wa Ziwa Victoria

Katika jiji la Kisumu, mwenye kiwanja hudaiwa reti kila mwaka. Reti ndiyo kodi ambayo serikali ya mahali hutoza ardhi, na kwa miongo mingi fedha zake ndizo zilizofagia masoko, zikazibua mitaro na kuwasha taa za barabarani. Upande wa Dunga, ufuoni kabisa, ipo ardhi isiyojengwa nyumba wala duka. Serikali kuu iliitenga kwa ajili ya swala pala waliosalia katika eneo hilo. Kisiwani Ndere na katika Bonde la Lambwe ziko nyingine kubwa kuliko hiyo. Ardhi hizi ni fahari ya Wakenya wote. Makala hii inafuatilia historia ya swali moja: taifa linapomiliki ardhi ya uhifadhi, jirani aliyeipokea ardhi hiyo mlangoni pake hulipwa nini?

Ardhi ya Taji ufuoni

Wapimaji wa reli walioongozwa na Kapteni Macdonald mwaka 1892 walikusudia njia ifike Port Victoria, katika Ghuba ya Berkeley, sehemu ambayo leo iko Kaunti ya Busia. Baadaye mpango ulibadilishwa, reli ikaelekezwa Ghuba ya Ugowe, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Mwaka uliofuata Sheria ya Ardhi ya Taji ilimpa mkoloni uwezo wa kugawa ardhi aliyohesabu kuwa haina mwenyewe. Sheria mpya ya 1915 ilipanua maana ya ardhi ya Taji hadi ikameza ile waliyokalia Waafrika.

Hivyo mji ulizaliwa ukiwa umezungukwa na mmiliki mmoja mkubwa. Bandari, karakana, nyumba za maofisa na sehemu kubwa ya ufuo vilikuwa mikononi mwa serikali na reli. Hapo ndipo mvutano wa kodi ulipoanzia, kwa sababu mamlaka ya mji ni kiumbe cha serikali kuu na hayawezi kumtoza reti muumba wake. Lakini ofisi ya serikali hutumia barabara ile ile na mtaro ule ule anaoutumia mwenye duka. Mzigo usipobebwa na serikali, humwangukia mwenye duka.

Suluhisho la kisheria lilikuwa mchango badala ya reti: serikali haitozwi, lakini kila mwaka hutoa kiasi kinachokaribia kile ambacho mmiliki wa kawaida angelipa. Baada ya ripoti ya 1927 ya Tume ya Feetham kuhusu serikali za mitaa na sheria ya manispaa ya 1928, miji ya Kenya ilipata muundo wa kujiendesha kwa mapato yake. Sheria ya Uthamini wa Reti ya 1956 na Sheria ya Reti ya 1963 ndizo zilizorithiwa na Kenya huru, na mchango wa serikali ukabaki humo. Hata hivyo, malalamiko ya mabaraza kwamba mchango huo huchelewa, au hauji kabisa, yamedumu hadi zama za kaunti.

Mbuga zilivyoachwa nje

Ardhi ya wanyama ilipita njia tofauti. Sheria ya uthamini iliorodhesha ardhi ambazo hazithaminiwi kamwe kwa ajili ya reti: mahali pa ibada, makaburi, hospitali, shule, viwanja vya michezo na, pamoja na hizo, mbuga za taifa na hifadhi za taifa. Nia inaeleweka, kwani ardhi inayotunzwa kwa manufaa ya wote haipaswi kugeuzwa shina la kodi. Lakini matokeo yake ni mazito. Ardhi isiyothaminiwa haina thamani katika daftari la mji, na ardhi isiyo na thamani katika daftari haizai hata mchango wa badala.

Tofauti kubwa ikawa ni nani anayeshika lango. Sheria ya Mbuga za Taifa ya 1945 iliweka mbuga chini ya bodi ya wadhamini, na Nairobi ikawa mbuga ya kwanza mwaka 1946. Katika maeneo ya Waafrika kulikuwa na njia ya pili: hifadhi iliyosimamiwa na baraza la wilaya, ada za wageni zikiingia katika sanduku la baraza. Mwaka 1961 Maasai Mara ilikabidhiwa baraza la Narok, na Amboseli ikakabidhiwa baraza la Kajiado. Narok imeendelea kula matunda ya lango hilo hadi leo. Kajiado ilinyang'anywa lake mwaka 1974 serikali ilipoifanya Amboseli mbuga ya taifa. Wafugaji waliahidiwa maji ya bomba nje ya mbuga na fidia ya malisho ambayo wanyama wangeyala katika ardhi yao. Mradi wa maji ulijengwa, kisha ukafifia. Kidonda hicho hakikupona. Mwezi Septemba 2005, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, serikali ilitangaza kuirudisha Amboseli kwa baraza la wilaya, na watetezi wa uhifadhi wakaupeleka uamuzi huo mahakamani.

Kiini cha mgogoro huo ni chepesi kukiona: hifadhi inapopandishwa hadhi kuwa mbuga ya taifa, heshima huongezeka na mapato ya mahali hukatika.

Lambwe, Ndere na Kisumu

Ufuo wa Ziwa Victoria ulionja mabadiliko haya ukiwa katika hali ya udhaifu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi ziwani na kuwahamisha wengine kutoka ufuoni na visiwani. Mbung'o waliendelea kutawala vichaka vya Bonde la Lambwe kwa miongo mingi, wakizuia ufugaji, na wanyamapori wakapata kimbilio mahali ambapo binadamu alishindwa. Lambwe ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966. Mwaka 1983 ikafanywa mbuga ya taifa na kupewa jina la Ruma, ikiwa na kilomita za mraba 120. Ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, swala mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe, na idadi yake imeshuka hadi kundi dogo la kutia hofu.

Ndere ilifuata mwaka 1986. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 4.2 ndani ya ghuba, karibu na ufuo wa Seme. Mwaka 1992 ikaja Hifadhi ya Impala ya Kisumu, isiyofika hata nusu kilomita ya mraba lakini iliyo ndani ya mji wenyewe, penye bei ya ardhi inayopanda kila mwaka. Pamoja na swala pala, hapo huonekana nzohe, swala wa majani ya majini aliye adimu sana nchini.

Wakati hayo yakitendeka, mifuko ya serikali za mitaa ilikuwa imetobolewa. Kuanzia 1970 mabaraza ya wilaya yalipokonywa shule za msingi, afya na barabara, pamoja na kodi ya kichwa iliyogharamia huduma hizo. Manispaa kubwa chache, Kisumu ikiwemo, ziliachiwa majukumu mazito huku tegemeo lao kubwa likibaki kuwa reti. Kwa mji wa namna hiyo, kila ekari inayoingia katika orodha ya msamaha ni ekari ambayo wengine wataifidia kwa kulipa zaidi au kwa kuvumilia takataka zisizozolewa.

Haki inadai kusema pia kwamba vijijini reti hazikutozwa sana. Hasara ya majirani wa Ruma na Ndere haikuandikwa katika daftari la baraza. Walipoteza malisho, kuni na ardhi ya kulima. Mazao huharibiwa na nyani, na kwingine ufuoni viboko huingia mashambani usiku. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Fidia hiyo ni haki, lakini hulipa msiba uliokwisha kutokea. Gharama ya kila siku ya kuishi kando ya mbuga haina fungu.

Ahadi ya lango

Serikali iliutambua mzigo huo mapema. Waraka wa Bunge Nambari 3 wa 1975 ulikiri kwamba wenye ardhi wanaowalisha wanyamapori wanastahili kufaidika nao, na sheria ya 1976 ikaunganisha Idara ya Wanyama na Mbuga za Taifa. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilipoanza kazi mwaka 1990 chini ya mkurugenzi Richard Leakey, lilitangaza kwamba asilimia 25 ya ada za malangoni itakwenda kwa jamii jirani. Shirika lilikuwa na mahitaji yake, ulinzi dhidi ya majangili ukiwa mbele, na kilichotolewa hakikufikia ahadi. Miradi ya shule, zahanati na visima ilijengwa sehemu kadhaa, lakini kama ufadhili wa hiari, bila nguvu ya deni la kisheria.

Nchi jirani zilichukua hatua thabiti zaidi. Uganda iliandika katika sheria ya 1996 kwamba asilimia 20 ya ada za kuingia mbugani ziende kwa serikali za mitaa zinazoizunguka. Rwanda ilianza na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa mbuga mwaka 2005, ikaipandisha kuwa 10 mwaka 2017. Hapo jirani ana madai anayoweza kuyahesabu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfumo wa lango humponya mwenyeji aliye na wageni wengi peke yake. Asilimia 25 ya mapato ya mbuga yenye sokwe, au yenye tembo chini ya Kilimanjaro, ni fedha nyingi. Asilimia hiyo hiyo kwa Ndere, au kwa Ruma iliyo mbali na njia kuu za watalii, haitoshi kutengeneza hata barabara ya kufikia lango. Lakini korongo hana makao mengine Kenya. Thamani yake kwa taifa haipungui kwa sababu wachache wamefunga safari kumwona.

Baada ya 2010

Katiba ya 2010 iliweka msingi mpya. Mbuga za taifa ni ardhi ya umma inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kaunti zina haki ya kutoza reti. Na dola ina wajibu wa kugawa kwa usawa manufaa ya maliasili. Miswada ya kuutekeleza wajibu huo imepita Seneti kwa vipindi tofauti bila kuzaa sheria. Mwaka 2024 sheria mpya ya reti ilichukua nafasi ya zile za 1956 na 1963.

Mgao wa fedha kwa kaunti nao umejengwa zaidi juu ya vichwa vya watu. Fomula ya kwanza, ya 2012, ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu na asilimia 8 kwa ukubwa wa eneo. Ekari ya mbuga huhesabiwa katika eneo kama ekari nyingine yoyote. Watu ambao wangeishi juu yake hawahesabiwi, kwa kuwa hawapo. Hivyo kaunti inayotunza ardhi kwa niaba ya taifa hupata kidogo kwa sababu hiyo hiyo ya kuitunza.

Malipo yafuate ardhi

Kuna njia iliyojaribiwa kwingine. Jimbo la New York lilikubali mwaka 1886 kwamba misitu yake ya hifadhi katika milima ya Adirondack itozwe kodi na miji ya huko kana kwamba ni mali ya mtu binafsi. Mwaka 1976 Marekani ikapitisha sheria ya kitaifa ya malipo badala ya kodi. Hesabu yake huangalia ekari za serikali, idadi ya watu na mapato mengine yaliyokwisha kulipwa mahali hapo. Congress imewahi kutoa kiasi pungufu, na miji ikalalamika. Lakini ililalamika ikiwa na hesabu mkononi.

Kenya inao tayari mchango badala ya reti, uliobuniwa kwa ajili ya serikali inayomiliki ardhi ndani ya mji. Kilichobaki ni kuufikisha mbugani: mbuga na hifadhi za wanyama zinazosimamiwa na serikali kuu zithaminiwe kwa kiwango cha ardhi ya uhifadhi, na mchango ulipwe kila mwaka kwa kaunti kwa kila ekari, bila kujali idadi ya tiketi zilizouzwa. Sehemu yake itengewe kata zinazopakana na uzio.

Ziwa lilipopanda hadi kiwango cha rekodi mwaka 2020 na Dunga ikafurika, ilionekana wazi kwamba ardhi isiyojengwa ufuoni ni kinga ya mji mzima. Mwakilishi wa wadi anayeona ekari hizo zikiandikwa sifuri katika bajeti kila mwaka atavutwa na mwekezaji wa hoteli. Anayeona kiasi halisi, kinachofika kwa wakati, ana sababu ya kuzilinda. Taifa limefaidi ardhi ya Kisumu, Seme na Lambwe kwa miongo kadhaa bila kulipa reti, na deni hilo ni lake.