Manukato ya Kiarabu kwa wanaume: Namna ya kupata yanayodumu kwa bei nafuu

MWANAMUME wa Shika Adabu, huko Likoni, anayetamani manukato ya Kiarabu hana haja ya kuagiza Dubai. Akishavuka feri, atayakuta katika maduka ya Mji wa Kale na mitaa iliyo karibu na soko la Marikiti, kuanzia kichupa cha mafuta cha mililita 3 hadi chupa kubwa ya kupuliza iliyonakshiwa rangi ya dhahabu. Shida si kuyapata bali kuyachagua. Wengi hununua kilichonukia vizuri dukani asubuhi, na jioni wanaporejea ng'ambo hawasikii chochote ila jasho.

Kwa mtu anayelipwa kibarua cha siku, hasara hiyo si ndogo. Ndiyo maana yafaa kushika kanuni moja: bei ya kweli si ile iliyobandikwa kwenye chupa, bali ni kile unacholipa kwa kila siku uliyonukia.

Wapwani hawakuanza jana kujifukiza na kujirashia. Msafiri Al-Masudi, aliyepita bahari hii katika karne ya 10, aliisifu ambari ya nchi ya Zanji. Naye Ibn Battuta, alipotua Mogadishu mwaka wa 1331, alikaribishwa kwa tambuu na kurashiwa maji ya waridi kutoka Damascus.

Mafuta au ya kupuliza?

Itri, yaani manukato ya mafuta, haina spiriti. Hukaa karibu na ngozi, hutoka polepole na kwa kawaida hudumu zaidi, ingawa haisikiki mbali. Ndiyo inayopendwa na waumini wasiotaka spiriti mwilini. Manukato ya kupuliza huchanganywa na spiriti, ambayo ikiruka huisambaza harufu haraka.

Ukinunua ya kupuliza, soma kibandiko. Yaliyoandikwa Eau de Parfum kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato ya asilimia 15 hadi 20, na Eau de Toilette huwa na asilimia 5 hadi 15. Katika joto la Mombasa, tofauti hiyo huonekana kabla ya adhuhuri.

Kinachodumu na kisichodumu

Harufu za ndimu, chungwa na majani mabichi huwa za kwanza kusikika na za kwanza kutoweka, pengine katika muda wa saa moja. Zinazobaki ni zile nzito: udi, sandali, miski, ambari na utomvu kama ubani. Basi chagua mchanganyiko ambao msingi wake ni mojawapo ya hizo. Msimu wa kaskazi, joto linapozidi, miski au sandali huvumilika kuliko udi mzito. Udi wafaa zaidi jioni na wakati wa kusi.

Hata hivyo, usidanganywe na neno "halisi". Udi hutokana na miti ya Aquilaria ya Asia, ambayo hutoa utomvu wake wa thamani baada ya kushambuliwa na kuvu. Biashara ya kimataifa ya miti hiyo yote imedhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 2005. Hapa Kenya, ukataji wa sandali ulipigwa marufuku mwaka wa 2007. Anayekuuzia "udi halisi" kwa bei ya kikombe cha kahawa, hakuuzii udi.

Hilo halimaanishi kwamba mafuta ya bei nafuu ni mabaya. Miski ya kutengenezwa viwandani imekuwapo tangu 1888, na nyingi hudumu sana. Almuradi ujue unachonunua, wala usilipe bei ya udi kwa kitu kisicho udi.

Jaribu kwa ngozi yako

Usinunue kwa kunusa kizibo. Tia tone moja kwenye kifundo cha mkono, usilisugue, kisha toka dukani. Fanya shughuli zako, unuse tena baada ya nusu saa, na mara nyingine baada ya saa nne. Ikiwa harufu ingali ipo na ngozi haiwashi wala kuwa nyekundu, rudi ununue. Pua huizoea harufu iliyo karibu nayo, kwa hivyo mwombe mwenzio naye anuse. Kadhalika, usijaribu zaidi ya aina tatu kwa siku moja.

Piga hesabu

Mililita moja ni matone 20 hivi. Tuseme, kwa mfano tu, kichupa cha mililita 3 kinauzwa Sh300. Hayo ni matone 60. Ukitumia matatu kwa siku, kitakutosha siku 20, sawa na Sh15 kwa siku.

Chupa ya kupuliza ya mililita 100 hutoa mipulizo ipatayo 1,000. Ikiuzwa Sh2,500 nawe ukapuliza mara tano kwa siku, itakaa siku 200, yaani Sh12.50 kwa siku. Lakini ikiwa harufu hufifia mchana nawe ukalazimika kupuliza upya, gharama hupanda hadi Sh25. Kile kichupa kidogo ndicho kilichokuwa rahisi.

Jihadhari na bandia

Kampuni kama Ajmal, iliyoanzishwa India mwaka wa 1951, Swiss Arabian ya Milki za Kiarabu ya mwaka wa 1974 na Rasasi ya Dubai ya mwaka wa 1979 zina bidhaa za bei mbalimbali. Kwa kuwa majina yao yanajulikana, huigwa. Kagua tahajia ya jina, nambari ya toleo iliyo kwenye boksi na ile ya chini ya chupa kama zinalingana, pamoja na stika ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Dai risiti. Kwa mafuta ya kupimiwa, uliza kama yameongezwa kitu cha kuyapunguza makali.

Yatumie vyema

Jipake baada ya kuoga, ngozi ikiwa safi na imepakwa mafuta kidogo yasiyo na harufu, kwa kuwa ngozi kavu haishiki manukato. Mahali pazuri ni kifuani, nyuma ya masikio na kwenye vifundo vya mikono. Usiitie itri ya udi au zafarani kwenye kanzu nyeupe. Doa lake halitoki kwa urahisi. Badala yake, ifukize kanzu kwa chetezo kabla ya kuivaa, kwani nguo huhifadhi harufu kuliko ngozi. Usiache kaa la moto bila mwangalizi, wala usifukize chumbani mwa mwenye pumu.

Chupa iwekwe kabatini, mbali na jua, wala isiachwe ndani ya gari.

Mwisho, kiasi. Katika feri iliyojaa pomoni alfajiri, manukato ya mtu mmoja huvutwa na abiria wote, wakiwamo wanaoumwa na kichwa kwa harufu kali. Matone matatu yatosha. Yakiwa mazuri, atakayekukaribia atayasikia, nacho kichupa kitakufikisha mwisho wa mwezi.