Ngara: Mpaka uliovuka mto

Mei 1919, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana namna ya kugawana koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Ubelgiji ilipata Ruanda na Urundi (Rwanda na Burundi za leo). Uingereza ilipata sehemu kubwa iliyobaki, ile iliyokuja kuitwa Tanganyika. Lakini Waingereza walidai na nyongeza: ukanda wa mashariki ya Ruanda, nchi ya Gisaka ikiwa ndani yake, ili ipite reli waliyokuwa wakiiota ya kutoka Cape hadi Cairo.

Wamisionari wa Kanisa Katoliki waliokuwa Ruanda walipiga kelele. Askofu Léon Classe alieleza kuwa ufalme umekatwa vipande na wafugaji wametenganishwa na malisho yao. Shauri lilifika Shirika la Mataifa huko Geneva, na mwisho wa 1923 Gisaka ikarudishwa Ruanda. Mpaka ukashuka hadi mtoni Kagera. Reli yenyewe haikujengwa kamwe.

Kusini kidogo ya hapo, mstari huohuo wa 1919 ulikuwa umeiacha nchi ya Bugufi ndani ya Tanganyika. Wakuu wa Bugufi walikuwa na asili katika ukoo wa kifalme wa Burundi, na nchi yao iko magharibi ya mto Ruvubu, upande uleule ilipo Burundi. Kama mto ndio ungefuatwa kama ulivyofuatwa kwa Gisaka, mji wa Ngara leo ungekuwa Burundi. Mwaka 1948, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipozuru maeneo haya ya udhamini, Mwami Mwambutsa wa Burundi aliwasilisha ombi kwamba Bugufi irudishwe. Haikurudishwa. Na mwaka 1964, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Cairo na kuamua kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni, mlango wa madai ya namna hiyo ulifungwa.

Ndivyo wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, ilivyopata umbo lake: Bugufi ya Wahangaza magharibi ya Ruvubu, na Bushubi ya Washubi mashariki yake. Ni nchi ya vilima vinavyofuatana, migomba ikiwa imezunguka nyumba, kahawa ikiwa kivulini, maharage na mihogo vikishuka mteremko hadi bondeni. Ruvubu unatoka Burundi ukielekea kaskazini, na unakutana na maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo. Wazungu waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile waligawanyika kwa sababu ya mito hii miwili. Richard Kandt alifuata Nyabarongo mwaka 1898 mpaka misitu ya Rwanda. Burkhart Waldecker alifuata Ruvubu miaka ya 1930 mpaka vilima vya kusini mwa Burundi. Wote wawili walikuwa wakigombea maji yanayochanganyika mlangoni mwa Ngara.

Mkono wa serikali mbili ulipita katikati ya watu, lakini maisha hayakukatika hapo. Kihangaza kinakaribiana mno na Kirundi, kiasi kwamba mama wa Kabanga na mama wa Kobero, ng'ambo ya pili ya mpaka, hupatana bei bila mkalimani. Pombe ya ndizi nayo ni ileile. Ndizi huivishwa shimoni, humenywa, hukamuliwa kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti, kisha juisi huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa ichachuke. Mahari, msiba na maridhiano ya ugomvi havikamiliki bila chungu cha pombe hiyo, na kwenye arusi wageni wa pande mbili za mpaka hukaa kuzunguka chombo kimoja, kila mmoja na mrija wake.

Miaka ya mkoloni, vijana wa hapa walitembea kwa miguu kwenda kulima kahawa Buhaya na pamba Buganda. Baada ya uhuru, mwendo ukageuka. Mapema miaka ya 1960, Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao walipewa ardhi Muyenzi. Oktoba 1993, rais Melchior Ndadaye alipouawa Bujumbura, Warundi wakavuka. Kisha ikaja Aprili 1994, na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tarehe 28 na 29 ya mwezi huo, takriban Wanyarwanda 250,000 walipita juu ya daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Upande wa Tanzania walinzi waliwanyang'anya silaha, na mapanga na mikuki vikalundikana kando ya barabara. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti kuelekea Ziwa Victoria.

Watu hao walipelekwa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi yake hapo wakati wa kujenga barabara. Ndani ya wiki chache, pori likawa makazi makubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Miti ilikwisha kwa kuni, visima vilikaushwa, bei ya chakula ikapanda na kushuka kwa kufuata mgao wa wakimbizi. Mwaka 1995 ikaanzishwa Radio Kwizera ili kuwapa wakimbizi habari. Leo inasikilizwa na wenyeji. Machi 1995 serikali ya Tanzania ilifunga mpaka na Burundi, na Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao.

Benaco imebaki, ila wapitaji wamebadilika. Ni kituo cha malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura, penye mama lishe, mafundi wa tairi, na wabadilishaji fedha wanaokokotoa faranga na shilingi kichwani kabla dereva hajakanyaga chini. Huko Rusumo, daraja jembamba la zamani limepata mwenziwe, daraja jipya lililofunguliwa Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame pamoja na kituo cha forodha cha pamoja. Maporomoko nayo yanazalisha umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa kwa sawa.

Lakini mstari wa 1919 haujawa jambo la makumbusho. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji haramu, walioondolewa ni pamoja na watu waliokuwa wameishi hapa kwa miongo mingi. Katika wilaya ambayo lugha, majina na sura ni zilezile pande zote, mtu akishukiwa kuwa Mrundi hujitetea kwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji na ushahidi wa wazee wanaokumbuka babu yake alizikwa wapi. Gisaka ilipata askofu wa kuisemea Geneva, na mpaka ukasogezwa. Bugufi ilisemewa kwa kuchelewa, na mpaka wake ukabaki palepale. Mzigo wa kuthibitisha mtu ni wa upande gani wameachiwa wanaoishi juu yake.