Ukilala Ndani ya Gari, Wewe ni Msafiri ama Mzururaji?

Wasee, tangu niseme natafuta kombi ya zamani niigeuze keja, maoni yenu yamegawanyika mara mbili. Kuna wale wanauliza nitaoga wapi, na kuna wale wanasema hayo ni maisha ya wazungu, niwachie wenyewe. Ya kuoga tutaongea siku nyingine. Hii ya "ni ya wazungu" ndiyo imenikalisha chini nikasoma kuliko nilivyowahi kusoma nikiwa kampasi, na mnajua kampasi niliiacha njiani.

Tuanze na gari lenyewe. Vita vya pili vya dunia vimeisha, Ujerumani imebaki vumbi, na kiwanda cha Volkswagen pale Wolfsburg kinasimamiwa na jeshi la Uingereza. Wafanyakazi wa kiwanda wamejiundia vigari vya kubeba vipuri, kazi ya jua kali kabisa: chesisi ya Beetle, juu ubao tambarare. Jamaa mmoja kutoka Uholanzi, Ben Pon, aliyekuwa akiagiza magari pale, anaviona anapata wazo. Tarehe 23 Aprili 1947 anachora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu, dereva mbele, injini nyuma. Mchoro wenyewe ungedhani ni wa mtoto wa chekechea. Miaka mitatu baadaye, 1950, gari linaanza kutoka kiwandani.

Injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 25. Hiyo ni kama boda mbili zimefungwa pamoja, halafu uzipakie familia na magodoro, uziambie zipande mlima. Mbio haikuwa nazo, lakini iliweza kubadilika. Kuna aina iliyokuwa na viti vya kung'oa: wiki nzima inabeba mizigo, Jumapili unarudisha viti unabeba watu. Wajerumani walikuwa na neno refu la gari la namna hiyo, Kombinationskraftwagen, wakalikata likawa Kombi. Kwa hivyo hata neno letu la kila siku, kombi, ambalo nyanya yangu anaita gari lolote lenye mlango wa kuvuta, lilitoka huko. Mwaka wa 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kuuza sanduku la kambi: kabati, kiti kinachogeuka kitanda, mahali pa kupikia. Unaliingiza Ijumaa, Jumatatu unalitoa unarudi kazini. Ona hapo, hakuna aliyewaza utahamia humo moja kwa moja. Ilikuwa burudani ya mtu mwenye kazi na nyumba.

Waliohamia humo moja kwa moja walikuja baadaye, na walikuja kwa sababu ya bei. Miaka ya sitini Marekani, familia zilizonunua kombi zikiwa mpya zilikuwa zinaziuza, na vijana waliokuwa wamechoka na vita vya Vietnam na maisha ya ofisi wakazinunua kwa bei ya kutupa. Injini inapoozwa na hewa, haina rejeta, haina maji ya kuchemka, na ukiwa na spana chache na moyo mgumu unaitengeneza kando ya barabara. Mwaka wa 1969 mtu anaitwa John Muir, injinia aliyeamua kuachana na kazi ya kuajiriwa, alitoa kitabu cha kufundisha mtu asiyejua chochote jinsi ya kuiweka Volkswagen yake hai. Kilisomwa sana. Mimi naona hicho kitabu kilifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote, kwa sababu kilimwondoa fundi katikati. Waliishi mjini Nairobi mtanielewa: anayekumaliza ukiwa na gari kuukuu mara nyingi ni fundi, si gari.

Kuna walioendesha kutoka Ulaya mpaka Kathmandu kule Nepal, wakipitia Istanbul, Tehran na Kabul. Njia hiyo ilifungika 1979, mwaka wa mapinduzi ya Iran na wa jeshi la Kisovieti kuingia Afghanistan. Picha mnazoziona kwenye mabango, kombi ya rangi mbili na maua, ni za kipindi hicho kifupi. Picha za kilichofuata hazichapishwi kwenye tisheti.

Twende Uingereza, kwa sababu hapa ndipo stori inabadilika sura. Kuanzia 1974 vijana walikuwa wakikusanyika kila kiangazi kwenye mawe ya kale ya Stonehenge kwa tamasha la bure. Miaka ya themanini ilipoingia, watu wasio na kazi Uingereza walipita milioni tatu, na wengi wa wale vijana hawakurudi nyumbani tamasha likiisha. Walinunua mabasi yaliyochoka, ambulansi zilizostaafishwa, malori, wakaweka jiko la kuni ndani na bomba la moshi likatoka kwa paa. Walikuwa na watoto humo. Hawakuwa watalii hata kidogo. Kodi ya nyumba ilikuwa imewashinda, na basi bovu walilimudu.

Tarehe 1 Juni 1985 msafara wa magari kama 140 ulikuwa unaelekea Stonehenge. Mahakama ilikuwa imetoa amri tamasha lisifanyike. Polisi wakamwaga kokoto barabarani kilomita kadhaa kabla, msafara ukakwama, magari mengine yakaingia kwenye shamba la maharagwe. Jioni polisi, ambao jumla yao ilizidi elfu moja, waliingia shambani na virungu. Walivunja vioo watu wakiwa ndani. Walikamata watu 537. Magari, yaani nyumba za watu, yalipondwa. Wenyewe wanaiita Vita vya Shamba la Maharagwe, lakini vita huwa na pande mbili. Mwaka wa 1991 wasafiri 21 walishinda kesi, wakapewa fidia ya jumla ya pauni 24,000, na gharama za mawakili zikaila.

Halafu sheria ikafuata. Ya 1994 iliwapa polisi nguvu zaidi za kufukuza msafara, na papo hapo ikafuta wajibu ambao serikali za mitaa zilikuwa nao tangu 1968 wa kuwatengea Waroma na wasafiri wengine wa asili mahali pa kuegesha. Hao walikuwa wanaishi kwenye magari ya kukokotwa na farasi vizazi vingi kabla ya Ben Pon kununua daftari. Sheria ya 2022 ikaenda mbele zaidi: ukikaa na gari lako kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, ukaambiwa uondoke ukakataa, na kukaa kwako kukaonekana kunaleta madhara, wanaweza kukushtaki na kulichukua gari. Mwaka wa 2024 Mahakama Kuu kule London ilisema sehemu ya sheria hiyo inakiuka haki za Waroma na wasafiri hao.

Sasa shikeni hapo, kwa sababu hapa ndipo "ni mambo ya wazungu" inakufa.

Mwaka wa 1824 Waingereza walitunga Sheria ya Uzururaji. Askari walikuwa wamerudi kutoka vita vya Napoleon hawana kazi, wanalala popote. Sheria hiyo ilitaja wazi mtu anayelala ghalani, nje, hemani, au ndani ya mkokoteni, akiwa hana riziki inayoonekana na hawezi kujieleza. Mkokoteni, jamani. Miaka zaidi ya 120 kabla ya kombi, kulala ndani ya chombo chenye magurudumu lilikuwa tayari kosa. Lakini kosa kwa nani? Kwa asiye na pesa. Tajiri aliyelala ndani ya gari lake la farasi akielekea shambani kwake hakuguswa.

Wazo hilo lilipanda meli likaja hapa. Ukoloni ulituletea sheria zake za uzururaji, ukaongeza kipande kilichoanza kutumika baada ya vita vya kwanza, ili Mwafrika asiye na mwajiri Nairobi aweze kukamatwa na kurudishwa "rizavu". Na kwa upande wa kaskazini kulikuwa na sheria ya 1902 iliyoruhusu serikali kufunga wilaya nzima, mtu asiingie bila kibali. Nani walikuwa wanaishi huko? Warendille, Wagabra, Wasomali, watu ambao nyumba yao inakunjwa, inapakiwa juu ya ngamia, inafunguliwa kwingine. Nyumba yenyewe ni ya mama, yeye ndiye anayeijenga na kuimiliki. Kwa hivyo ukiniambia kuishi kwenye nyumba inayotembea ni ya kigeni, nitakuonyesha ramani ya Kenya, nusu ya juu.

Sheria ya Uzururaji na ile ya kufunga wilaya zote zilifutwa mwaka mmoja, 1997, kwenye yale mageuzi ya IPPG kabla ya uchaguzi. Miaka 34 baada ya uhuru! Wengi wenu mmezaliwa baada ya hapo mkadhani mambo yamekuwa hivi siku zote. Lakini tabia ya kumuuliza kijana "unafanya nini hapa saa hizi" haikufutwa na bunge, na mnajua ninachomaanisha.

Ya juzi mnaijua. Mwaka wa 2011 kijana wa New York, Foster Huntington, aliacha kazi ya ubunifu wa mavazi, akanunua Volkswagen ya 1987, akaanza kuweka picha mtandaoni na alama ya #vanlife. Ikalipuka. Wakati huohuo, baada ya uchumi kuanguka 2008, wazee wa Marekani waliopoteza nyumba walikuwa wanaishi kwenye magari yao wakizunguka kutafuta vibarua vya msimu, pamoja na maghala ya Amazon. Jessica Bruder aliandika kitabu juu yao, Nomadland, na filamu yake ikashinda Oscar 2021. Nchi moja, miaka ileile, gari lilelile. Mmoja anapata wafuasi, mwingine anagongewa dirisha usiku aambiwe asogee.

Na sisi pia tuna watu wetu. Nenda Mlolongo ama Malaba usiku uhesabu malori. Ndani ya kila kabini kuna dereva na tanboi wamelala, nguo zimeanikwa kwenye kioo, jiko la mkaa liko chini ya trela. Wengine wako hivyo sehemu kubwa ya mwaka. Sijaona mtu akiwapiga picha ya machweo. Makanga wangapi wanalala kwenye kiti cha nyuma cha matatu kwa sababu kurudi nyumbani ni pesa? Na zile nisani za abiria 14 mlizopanda mkienda shule, jina kamili ni Nissan Caravan. Caravan!

Kwa hivyo ndiyo, bado natafuta. Kuagiza nje haiwezekani, Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane, basi itabidi niinunue kutoka kwa mtu aliyekuwa nayo hapahapa, na niangalie logibuku kabla ya kuangalia rangi. Nimeacha kuuliza bei kwanza. Ninachouliza sasa ni ploti: mtu mwenye nafasi, lango, choo na mfereji, atakayekubali tuandikiane karatasi kwamba gari langu lina ruhusa ya kulala hapo na mimi nikiwa ndani. Kama uko upande wa Kitengela, Juja ama Ngong na mzee wako ana kona ambayo haijajengwa, niandikie inboksi. Kombi yenyewe nitaipata.