Kitumbua Kisicho na Kikaango

Husemwa mara nyingi kwamba kitumbua ni cha Wahindi wa kusini. Ushahidi unaotolewa ni kikaango: kile cha chuma chenye vishimo, ambacho Watamil hupikia kuzhi paniyaram kwa rojo iliyochachuka ya mchele na dengu, na ambacho watu wa mwambao wetu hupikia vitumbua vya mchele na tui la nazi. Ukiviweka kwenye sahani moja utaviita ndugu. Tatizo linaanza dai hilo likifikishwa Likasi. Huko Haut-Katanga, nchini Kongo, jina ni lilelile, ila vi- imekuwa bi- kama ilivyo ada ya Kiswahili cha Katanga, na waliozoea Kilingala husema mikate. Lakini mchele haumo, nazi haimo, kikaango cha vishimo hakimo. Kuna unga wa ngano, hamira, sukari na chumvi, vilivyokorogwa vikawa rojo nzito na kuachwa viumuke. Alfajiri mama huchota rojo kwa kiganja, huikamua ipenye kati ya kidole gumba na cha shahada, na donge hudondoka ndani ya mafuta yanayochemka juu ya mbabula, yaani jiko la makala. Tukishikilia kwamba kikaango ndicho kitumbua, basi Likasi hawali vitumbua. Wao wanajua kwamba wanavila.

Hata pwani kwenyewe hoja ya kusini mwa India ni dhaifu kuliko inavyosikika. Wahindi waliojaa Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19 walitoka zaidi Kutch, Kathiawar na Gujarat, si nchi ya Watamil. Walipotuachia chakula walituachia na jina lake: chapati, bajia, kachori, achari. Kitumbua kina ngeli ya Kibantu, na sauti yake iko jirani mno na tumbo na tumbua. Mpinzani makini atasema Wagoa na Wakokni nao walikuwepo, na kwao kuna appe, ndugu wa paniyaram. Hilo nalikubali, na linatosha kueleza kikaango kimoja au viwili. Halielezi kwa nini Wamalagasi nao huoka mofo gasy ya mchele ndani ya vishimo vilevile, wala kwa nini Wathai hufanya hivyo hivyo kwa khanom krok. Kikaango hicho ni cha bahari nzima. Mchele nao ulikuwa mezani zamani: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipakuliwa wali wa samli na achari za ndimu na pilipili. Mwenye kutaka kuona mkono wa India pwani yetu ana haki ya kuanzia kwenye achari hizo, karne nyingi kabla ya Wahindi wa karne ya 19.

Basi jina lilifikaje Katanga? Jibu la haraka ni misafara: Msiri alitoka Unyamwezi, akajenga makao yake Bunkeya huko Katanga, akafanya biashara na watu wa pwani hadi alipouawa Desemba 1891. Jibu hilo ni zuri mno kwa upande wetu sisi wapenzi wa pwani, na ndiyo sababu linastahili kushukiwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuachwa tu na misafara. Kilikuzwa na utawala, misheni na kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, wakati wafanyakazi walipokuwa wakiletwa kutoka Lomami, Ruanda-Urundi na kwingineko. Napenda kukisoma kitabu hicho pamoja na chanzo ambacho wanahistoria wa chakula wamekipita: historia ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo) iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu, ambayo Fabian aliichapisha 1990. Thamani yake kwa hoja hii ni kutuambia historia ya mji ilisimuliwa na nani: watu waliokaa kutwa nzima katika majiko ya wengine. Ngano ilikuwa ngeni Katanga. Iliingia zaidi na reli, iliyofika Elisabethville kutoka Rhodesia mwaka 1910, wakati posho ya kambi za wafanyakazi ilisimama juu ya unga wa mahindi. Aliyejifunza hamira kabla ya jirani zake yaelekea alikuwa boi. Kwa hiyo jina na kitu vyaweza kuwa vilipita njia mbili: jina kutoka mashariki, unga kutoka kusini. Zambia, ambako Wabemba husema ifitumbuwa kwa donge hilihili la ngano, inaunga mkono mgawanyo huo, kwa kuwa reli na migodi ni ileile.

Kuna pingamizi moja linalovutia kiasi cha kutia hofu. Tarehe 3 Januari 1963 askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa, chini ya Brigedia Noronha, walivuka Lufira wakaingia Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati huo, na kikosi cha Madras kilikuwa katika brigedi hiyo. Wahindi wa kusini, Likasi kwenyewe! Mwandishi mwenye pupa angeishia hapo. Lakini jeshi lililokuja kuzima uasi wa Tshombe, aliyetaka kuitenga Katanga na Kongo, halikuja kufundisha mapishi, na kama mpishi wake angefundisha kitu, angefundisha mchele, dengu na vishimo, yaani vitu vyote ambavyo kitumbua cha Likasi hakina.

Miaka ya Mobutu naipita, ila mwisho wake hauwezi kurukwa. Mgodi wa Kamoto ulibomoka 1990, kampuni ya migodi ya Gécamines ikaanguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Beseni la rojo likageuka mshahara wa nyumba. Hapo ndipo naona sababu halisi ya kikaango kutofika, au kufika kisitakiwe. Kishimo cha chuma kina kipimo kimoja: unga ukipanda bei, ama mama anapandisha bei ya kitumbua, ama anapata hasara. Kiganja hakina kipimo. Mteja anajua bei ya kitumbua kimoja na hataki ibadilike, basi mama hubana vidole kidogo zaidi, na donge linalodondoka kwenye mafuta linakuwa dogo kuliko la jana.