Chagua: Pambo la Mwanamume katika Mpaka wa Rusizi

Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Methali hii ni ya kuonya, lakini sisi tuliikumbuka kwa maana yake ya wazi kabisa siku tulipokuwa tukingoja zamu yetu kwa kinyozi mmoja wa Kamembe. Kijana aliyetutangulia alimwomba kinyozi amwachie nywele ziinuke kama matuta yaliyopinda mfano wa mwezi mwandamo. Waliokuwapo wakacheka, mmoja akidai kwamba mtindo huo umetoka katika sinema. Mzee aliyeketi pembeni akasema kwa upole, "Hapana, mwanangu. Hivyo ndivyo alivyonyoa babu yangu." Hapo sisi walimu tuliona haya, kwani hatukuwa na la kuongeza.

Mtindo huo unaitwa amasunzu. Katika Rwanda ya kale ulikuwa wa wanaume, na pia wa wasichana ambao hawajaolewa. Namna zake zilikuwa nyingi, na kila namna ilimweleza mwenye kichwa: umri wake, cheo chake, au ushujaa wake. Wala jambo hili halikuwa geni kwa Waswahili, maana lugha yetu imehifadhi neno denge, yaani kunyoa kichwa na kuacha nywele za utosini. Kwa hiyo kichwa kilichonyolewa kwa ufundi kilikuwa kama barua iliyosomwa na watu wote, hata wasiojua herufi.

Barua hiyo ilianza kufutwa wakati wa utawala wa kikoloni, shule na misheni zilipoenea. Kamembe yenyewe ina ukumbusho wa mageuzi hayo. Mwezi wa Novemba, 1931, Wabelgiji walimwondoa Mwami Yuhi wa Tano Musinga katika kiti chake, wakamleta hapa, mbali na Nyanza palipokuwa na baraza lake. Musinga alikuwa amekataa kubatizwa. Picha zake za zamani zinamwonyesha akiwa na taji la shanga ambalo nyuzi zake zinaning'inia mbele ya uso. Mwaka 1940 alivushwa tena hadi Kongo, akafariki huko mwaka 1944. Mwanawe, Mutara wa Tatu Rudahigwa, alibatizwa mwaka 1943. Yeye alivaa mavazi ya jadi katika sherehe, na suti ya Kizungu katika shughuli nyingine. Ukiziweka picha za baba na mwana pamoja, utaisoma historia ya nchi nzima katika mavazi tu.

Tena mtu asidhani kwamba ni wakoloni peke yao waliojitwalia mamlaka juu ya nguo za watu. Ng'ambo ya mto Rusizi uko mji wa Bukavu, ambao mkazi wa Kamembe huuona kila aamkapo. Mwaka 1971 Kongo iliitwa Zaire, na muda si mrefu serikali ya Mobutu ikapiga marufuku suti na tai. Mahali pake likawekwa koti lisilo na tai lililoitwa abacost, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuipinga suti. Nako Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969, ukikataza, pamoja na mengine, suruali za kubana. Nia ilikuwa njema: kumkomboa Mwafrika kutoka katika kuiga. Lakini watu hawakuacha kujichagulia. Katika Kinshasa, mwanamuziki Papa Wemba na vijana waliompenda waliufanya unadhifu wa mavazi kuwa fahari yao, na mwaka 1990 tai ikaruhusiwa tena.

Sasa tufike kwenye neno lililotupa kichwa cha makala haya. Wanyarwanda huita mitumba caguwa, nalo si neno jingine ila "chagua" letu, lile la mchuuzi anayewaita wanunuzi wapekue lundo lake. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini neno hili lilikuwa limekwisha kupata uraia sokoni bila kungoja sheria.

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2 na senti 50, ili viwanda na mafundi cherehani wa nchini wapate soko. Marekani haikupendezwa, na mwezi wa Julai, 2018, ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zitokazo Rwanda. Katika mpaka huu wa Rusizi, ambapo Kongo ni mwendo wa kuvuka daraja tu, marobota yakageuka kuwa mali ya magendo.

Je, sisi tuseme nini? Nguo ya kuazima haisitiri makalio, na fundi wa nyumbani anastahili kula kwa jasho lake. Hata hivyo, kijana asiye na fedha aliyenunua koti kuukuu, akalipunguza mabega, akalibadilisha vifungo, naye ni msanii. Haki ya kuchagua ni yake. Kinachotusikitisha ni kwamba anachagua bila kujua vyote vilivyomo katika lundo, maana hatukumfundisha kwamba amasunzu nayo imo.

Kijana yule aliinuka kitini, akajitazama katika kioo, kisha akamgeukia mzee na kumwuliza, "Babu yako aliyaacha matuta mangapi?" Mzee akaanza kueleza kwa vidole juu ya kichwa chake chenye mvi. Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri. Nasi, ambao zamu yetu ilikuwa imefika, tukasubiri.