Pugu: Shule aliyoiacha Mwalimu kwa ajili ya Uhuru

Na Mwandishi Wetu

MILIMA ya Pugu, iliyoko takriban kilometa 20 kusini magharibi mwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, hutajwa zaidi kwa mambo mawili: msitu wake wa asili na mnada wa mifugo.

Hata hivyo, kwa wanaofuatilia historia ya taifa hili, Pugu ni kwanza jina la shule. Ndiyo shule iliyojulikana kama Chuo cha Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni Shule ya Sekondari Pugu, mali ya Serikali.

Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa shule hiyo alitakiwa kuchagua kati ya chaki na siasa. Alichagua siasa, na miaka sita baadaye Tanganyika ikawa huru chini ya uongozi wake.

Misheni iliyoanza kwa damu

Wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Benedikto kutoka Ujerumani walifungua kituo Pugu mwaka 1888. Mwaka huohuo Kampuni ya Wajerumani ilianza kuutawala ukanda wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na wenyeji wa pwani wakaupinga utawala huo kwa silaha.

Januari 1889 vita hiyo ilikifikia kituo cha Pugu. Wamisionari watatu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na kukombolewa baadaye. Kwa wapiganaji, msalaba na bendera ya Kampuni vilikuwa vimekuja pamoja, hivyo haikuwa rahisi kuvitenganisha.

Baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, kazi ya Kanisa Katoliki katika eneo la Dar es Salaam ilikabidhiwa kwa Wakapuchini kutoka Uswisi mwaka 1921. Kuhusu shule ya Pugu, jukumu la kuifundisha na kuiongoza liliangukia mikononi mwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ireland.

Maisha ya bweni

Katika miaka ya 1950 sekondari za Waafrika nchini zilikuwa za kuhesabika. Pugu, kama ilivyokuwa Mtakatifu Maria ya Tabora, ilipokea wavulana kutoka majimbo yaliyo mbalimbali.

Miongoni mwao alikuwamo Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Pugu kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Makerere. Alikuja kuwa Rais wa Awamu ya Tatu, kuanzia mwaka 1995 hadi 2005, na alifariki dunia Julai 2020.

Kama ilivyokuwa desturi ya shule za bweni za misheni, siku ilikwenda kwa kengele. Kulikuwa na sala na misa, usafi wa mazingira, vipindi vya darasani, kazi za mikono, michezo ya jioni na masomo ya usiku.

Kijana aliyezoea kusikia lugha ya kwao pekee alijikuta akilala chumba kimoja na wenzake wa makabila asiyoyajua. Kiswahili cha uani na Kiingereza cha darasani viliwaunganisha, na undugu huo ulidumu hata walipotawanyika katika vyuo na ofisi.

Mwalimu wa historia

Julius Nyerere alirejea nchini Oktoba 1952 akiwa na shahada ya M.A. kutoka Edinburgh. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, na mwaka huohuo akaanza kufundisha historia Pugu.

Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Siku za mapumziko aliteremka mjini, mara nyingi kwa miguu, kukutana na wenzake wa Kariakoo, akiwamo Abdulwahid Sykes. Hivyo mwalimu Mkatoliki wa shule ya misheni alikaa baraza moja na Waislamu wa mjini, wakapanga jambo moja.

Julai 7, 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU. Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akidai haki ya Tanganyika kujitawala.

Aliporejea alitakiwa kuamua, kwani shule za misheni zilitegemea pia ruzuku ya serikali ya kikoloni, na siasa za mwalimu wao zilikuwa mzigo. Mwezi huohuo aliandika barua ya kujiuzulu. Aliacha mshahara akiwa na familia changa, lakini jina la Mwalimu halikumwacha hadi alipofariki dunia mwaka 1999.

Serikali yaichukua

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliifungulia Serikali njia ya kuchukua shule za mashirika ya dini. Pugu ilikuwa mojawapo.

Sababu ilieleweka. Shule nyingi zilikuwa za misheni za Kikristo, na watoto wa Kiislamu walikuwa wameachwa nyuma. Taifa lililohubiri usawa lisingeweza kuacha mlango wa elimu ufunguliwe kwa cheti cha ubatizo.

Kwa upande wa Kanisa lilikuwa jambo zito, maana majengo na jasho la miongo kadhaa viliondoka mikononi mwake. Na aliyeongoza Serikali hiyo alikuwa Mkatoliki, aliyepata mshahara wake wa ualimu katika shule hizohizo.

Mlima mmoja

Leo Pugu ina sura mbili zinazoishi kwa amani. Shule hupokea wanafunzi wa dini zote, na karibu nayo kipo Kituo cha Hija cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam, ambako waumini hupanda kusali na kuwakumbuka waliouawa mwaka 1889.

Swali la nani alee shule, dini au dola, halijafungwa nchini. Mashirika ya dini yamejenga upya sekondari nyingi, na wazazi wengi huzikimbilia licha ya ada zake.

Pugu inakumbusha kwamba shule haimilikiwi na hati ya kiwanja peke yake. Wamisionari waliijenga, Serikali ikaichukua, lakini waliopita madarasani mwake ndio walioipa jina.